Kamera Yangu Yenye Sura ya Zamani

Ukifika mtaa wa Langoni ukauliza nyumba ya Ruba, mtoto wa marehemu Shekhan mpiga picha, utaonyeshwa. Tena utaambiwa, bila hata kuuliza, kwamba Ruba ndiye mwanamke anayepiga picha za arusi hapa Amu, mji wa Lamu, na kwamba kamera yake ni ya mkanda, ya zamani, haiwezi kutuma picha popote. Ruba ni mimi. Hayo ya mkanda ni uongo, na aliyeuacha utembee mji mzima kwa miaka miwili ni mimi vilevile. Kwa mdomo nimekiri mara moja tu na sina nguvu ya kukiri tena, ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa na duka kwenye njia iendayo msikitini. Alipiga picha za pasi, za watoto wa madrasa, za maharusi waliokaa wima kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Picha za wanawake hakuzipiga ila mama yangu awe pale pale chumbani, na zikishasafishwa aliwapa wenyewe picha zao pamoja na mkanda wenyewe, hakubakisha kitu. Kwa hilo aliheshimiwa. Alipofariki, duka likabaki kwangu na kwa ndugu yangu Husein. Husein alichukua pasi, fotokopi na mitambo yote, kwa kuwa anapenda waya kuliko anavyopenda watu. Mimi nikachukua arusi.

Asiyezijua arusi zetu nimweleze kidogo. Iko siku ya kutolewa nde, yaani nje, kama tusemavyo Amu. Bibi arusi hupambwa akakalishwa mahali pa juu, na wanawake wenzake humtazama na kumchezea. Siku hiyo milango hufungwa na hapiti mwanamume. Mabuibui hutundikwa, nywele huachwa wazi, na mwalimu mkali wa chuo cha Kurani unaweza kumwona akikata kiuno na usimtambue. Tangu simu ziwe na kamera, mlangoni huwekwa kapu, na kila aingiaye hutia simu yake humo mpaka atakapotoka. Mpiga picha huwa mmoja, mwanamke, naye huaminiwa kama mkunga.

Zamani nilitumia kamera kubwa nyeusi, nzito, yenye lenzi ndefu. Nikiinua tu, wanawake hujifunika. Bibi arusi mwenyewe hukunja uso. Nilikuwa narudi nyumbani na picha mia tatu za viganja vilivyoficha nyuso, na mama wa bibi arusi akiniuliza mbona binti yake amepigwa kama mshtakiwa.

Ndipo akatokea Kariuki. Alikuwa mtu wa bara, akiwapigia picha makandarasi kule bandarini karibu na Kililana, na kazi yake ilikuwa imekwisha, anarudi kwao. Aliingia dukani, akaweka juu ya meza kamera ndogo, ya rangi ya fedha juu na ngozi nyeusi kiunoni, ina vifundo vitatu vya kuzungusha vyenye namba zilizochongwa. Imetengenezwa juzijuzi na ndani ni kompyuta tupu, lakini kwa sura ungeapa imetoka sandukuni mwa baba yangu.

"Madam, mimi siwezi kukudanganya," akasema Kariuki. "Hii kitu ni mrembo lakini iko na tabia. Betri inaisha mbio. Haina mahali pa kushika, ikikuteleza imeenda. Kadi inaingia moja tu, ikiharibika umelia. Na hivi vifundo vinajigeuza vyenyewe ndani ya begi."

"Sasa wewe uliinunuliani?"

"Si niliiona?" akacheka. "Ukiiona unaelewa."

Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Niliishika, nikazungusha kifundo kimoja, kikalia tik, tik, na mimi mtu mzima wa miaka thelathini na tano nikataka kulia. Husein alinong'ona kwamba kamera ya kazi haichaguliwi kwa sura. Nilimwambia anyamaze, kwani mkewe alimchagua kwa nini.

Nimeitumia miaka miwili, nina haki ya kuisema. Uzuri wake ni mwingi. Ni nyepesi, naivaa shingoni kutwa na shingo haiumi. Mlio wake ni mdogo, mtu hashtuki. Rangi zake zina upole fulani. Hina inabaki hina, haigeuki damu, na dhahabu haimeti kama bati. Kioo chake cha nyuma hukunjuka, kwa hiyo naishika kiunoni nikatazama chini, na anayepigwa anaona uso wangu badala ya jicho la lenzi. Na vile vifundo, nikiingia chumbani natazama mwanga mara moja, nazungusha, nimemaliza, sihitaji kuchakura kwenye orodha za kompyuta huku bibi arusi amesimama ananingoja.

Ubaya wake nao si mdogo. Kariuki hakunidanganya hata kwa neno moja. Kwenye arusi moja hubeba betri nne na bado roho hainitulii. Mikono ya arusini ina mafuta, ina udi, ina manukato, na kamera haina pa kushika. Mara mbili imenitoka, mara mbili ukanda wa shingoni ndio ulioniokoa. Chumba kikiwa na giza hutafuta uso wa mtu kama kipofu. Chumvi ya hewa yetu huila kwenye viungo, kila wiki naifuta kama mtoto mchanga. Na mwaka jana nilikwenda Ndau kupiga picha za watoto wa shule. Ndani ya begi kifundo cha mwanga kilikuwa kimejigeuza mpaka mwisho, na jua lilikuwa kali, sikuona vizuri kwenye kioo. Nilirudi Amu na watoto themanini weupe kama karatasi, meno tu ndiyo yanayoonekana. Ilinibidi nipande boti tena, niombe radhi kwa walimu, niwapange watoto upya, na mmoja wao akauliza kwa sauti kama safari hii nimejifunza.

Hayo yote niliyavumilia kwa sababu ya kitu kimoja ambacho Kariuki hakukitaja, kwa kuwa yeye hakupata kukiona. Wanawake hawakuiogopa.

Mara ya kwanza ilikuwa arusi ya Mkomani. Niliingia nayo shingoni, na bibi mmoja mkongwe akaishika, akaigeuza, akatabasamu.

"Hini ndiyo kamera," akawaambia wenzake. "Kama ile ya Shekhan, Mola amrehemu. Ya mkanda. Hini haiwezi kututupa kwenye simu za watu."

Palikuwa na nafasi ya kusema, siyo bibi, hii ni ya kisasa, inafanana tu. Nafasi hiyo ilikuwa pana, mtu angeweza kupita na punda wake. Lakini tayari mashela yalikuwa yanaanguka, wasichana wananiita niwapige, na nyuso nilizokuwa nikizitafuta kwa miaka mingi zilikuwa mbele yangu, wazi, zinacheka. Nikajitia hamnazo. Nikapiga.

Uongo huo ulinifaa kupita kiasi. Picha zangu nilikuwa nazipeleka Mombasa kuchapwa, kwa hiyo zilikawia wiki mbili, na watu wakasema, naam, mkanda unasafishwa. Walioniuliza mkanda wao uko wapi, kama baba alivyokuwa akiwapa, niliwaambia nimeuchoma kwa ajili ya sitara yao. Nilisema hivyo kwa uso mkavu, na wakaniombea dua. Husein alijua kamera yangu ni ya namna gani, lakini hakujua ninayoyasema ndani ya nyumba za watu, na mimi sikumwambia.

Sasa nimfikie Bi Zakiya. Ni mwalimu wa chuo, amewafundisha Kurani nusu ya wanawake wa mtaa wetu, mimi nikiwemo, na fimbo yake naikumbuka. Mumewe ni Bwana Usama, muuza vitambaa, mtu wa maneno machache, ambaye mahali pake pa safu ya kwanza msikitini panajulikana hata akisafiri. Binti yao Raiyan alipopata mchumba, Bi Zakiya aliniita nyumbani kwake.

"Ruba, mwanangu," akasema, "nambia. Hini kamera yako ni ya mkanda kweli, au watu wavumisha tu?"

Sikupata kuulizwa hivyo, uso kwa uso, na mtu aliyenifundisha kusoma. "Ni kama ile ya baba," nikasema.

"Na mkanda wenyewe huenda wapi?"

"Nikimaliza huuchoma, Bi Zakiya."

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika. "Mimi sijapigwa picha kitwa wazi tangu arusi yangu, na hiyo aliipiga babako. Kwa Raiyan nitavua, na nitateza. Kwa kuwa ni wewe."

Nilitoka pale nimejaa furaha, kwamba mwalimu wangu atacheza mbele ya kamera yangu. Leo nikiikumbuka furaha ile natamani ardhi ipasuke nimezwe.

Wiki moja kabla ya arusi nilivuka kwenda kisiwa cha Manda kupiga picha za hoteli. Meneja, Bi Kemunto, alitaka kila picha aione papo hapo aitie mtandaoni, hakuwa na subira ya kungoja nirudi. Kamera yangu ina uwezo huo: ukiiamuru, kila picha unayopiga hujituma yenyewe kwenye simu yako, bila waya, maadamu simu haiko mbali. Niliiamuru. Bi Kemunto alifurahi, nikalipwa, nikarudi. Sikukumbuka kuiamuru iache. Vile vifundo vya juu vinakuonyesha namba zote waziwazi, unajua kasi, unajua mwanga, lakini jambo hili limefichwa ndani ya kompyuta, na mimi nilikuwa nimezoea kuitazama kwa juu nikadhani nimeiona yote.

Simu yangu nayo ilikuwa imefungwa kamba na duka. Husein aliipanga hivyo ili picha za pasi nizipigazo majumbani zimfikie bila kungoja: picha ikiingia kwenye simu yangu, inakwenda yenyewe kwa mtandao kwenye kompyuta ya duka. Na kompyuta ya duka ilikuwa inaonyesha picha mpya kwenye runinga aliyoiweka dirishani, ikitazama njia, ili wapita njia wavutiwe. Kila sekunde tano picha moja. Tulijisifu sana kwa runinga ile.

Siku ya Raiyan nilifika baada ya adhuhuri. Kapu la simu lilikuwa limewekwa kwenye kidaka cha ukuta, ndani ya chumba chenyewe, ili wenyewe waone hakuna anayeligusa. Mimi nilikuwa wa kwanza kutia. Niliiinua simu yangu juu kidogo ili watu wanione, kisha nikaitia, kwa maringo. Ingekuwa afadhali ningeificha kifuani kama mwizi. Maana kule kidakani ilikaa hatua sita kutoka mahali nilipokuwa nasimama, na kila nilichopiga ilikipokea kimyakimya chini ya simu za wengine.

Bi Zakiya alicheza alasiri ilipokaribia. Alivua leso, nywele zake zina mvi mbele na asumini nyuma, akamshika mwanawe mikono akazunguka naye, na wanawake wote wakasimama. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nilipiga picha kumi na moja, na moja ya hizo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani mwangu. Nasema hivyo na haya yangu yote.

Yaliyotokea dukani wakati huo niliambiwa baadaye na Husein. Adhana ya alasiri iliadhiniwa. Alifunga lango la fito za vyuma kama kila siku, akaacha runinga inaendelea nyuma ya kioo, akaenda zake kusali kwa kupitia mlango wa nyuma. Runinga ilitazama njia, kwa hiyo hakuona kilichokuwemo. Swala ilipokwisha alirudi kwa njia ya mbele, akamkuta Bwana Usama amesimama dirishani, mgongo ameupa kioo, mikono ameitanua, ameshika vyuma huku na huku, kanzu imetandaa. Husein alidhani mzee ameshikwa na kizunguzungu.

"Fungua," Bwana Usama akamwambia bila kugeuka. "Kazime kitu chako. Usikitazame, kizime tu."

Husein alikitazama, kwani angekizimaje bila kukitazama. Akaona mama wa watu anacheza.

Nilifika dukani kabla ya magharibi, nimechoka vizuri, nataka kuchaji betri. Lango lilikuwa nusu limefungwa. Husein alikuwa amekaa juu ya kigoda, rangi imemtoka. Bwana Usama alikuwa amesimama pembeni, amekataa kuondoka mpaka mwenye picha afike, kanzu yake ina mistari ya kutu mabegani. Husein alinieleza kwa maneno matano, na hayo matano yalitosha.

"Ami," nikasema. "Ni watu wangapi walioona?"

"Kabla yangu, siyui. Baada yangu, hakuna mtu."

"Watu walipita?"

"Walipita. Waliniuliza, husali? Nikawaambia tangulieni."

Nilianza kumwomba radhi. Yeye alikuwa anaitazama kamera iliyokuwa shingoni mwangu. Hakuitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Zakiya alinambia ni ya mkanda," akasema.

Nilihisi uso wangu unawaka hadi masikioni, nikauinamisha kama mwizi aliyeshikwa na kuku mkononi. Bwana Usama alijifuta kutu mabegani.

"Asiyue," akasema. "Yeo amefurahi. Mwate na furaha yake." Akaenda zake kusali alasiri yake peke yake, imebaki dakika chache tu kabla ya magharibi kuingia.

Mtu mwenye moyo mzuri angekwenda kwa Bi Zakiya usiku uleule au kesho yake asubuhi. Mimi nilijificha nyuma ya neno la mumewe. Nilijiambia, mwenyewe amesema asijue, mimi ni nani nimvunjie amri. Nilifuta kila kitu kwenye simu na kompyuta, nikaing'oa runinga dirishani nikaitia chini ya meza, nikapeleka picha Mombasa. Nilikuwa nasema nalinda furaha ya Bi Zakiya. Nilichokuwa nalinda ni jina langu, na kila nilipolala nilijua.

Mji wetu mdogo hauachi kitu kipite. Watu walikuwa wamemwona Bwana Usama, mtu wa safu ya kwanza, siku ya arusi ya mwanawe, amesimama kwenye duka la picha wakati wa swala. Kwanza waliuliza kwa mshangao. Halafu wakaanza kucheka. Mmoja akasema alikuwa anatazama picha za watalii wa Manda na nguo zao za kuogelea. Mwingine akaongeza chumvi, kwamba si mara ya kwanza. Niliyasikia mwenyewe, nikinunua ndimu, na muuza ndimu akanikonyeza eti duka lenu limempata mteja. Nilichukua ndimu zangu nikaondoka. Ningeweza kusema neno moja pale. Sikusema, na Bwana Usama aliendelea kupita njia ile ile mara tano kwa siku, macho chini, na wanaume wazima wakigusana viwiko.

Picha zilirudi baada ya wiki mbili. Nilizipeleka mwenyewe, baada ya adhuhuri, saa ambayo Bwana Usama huwa amelala kabla ya kurudi dukani kwake. Bi Zakiya alikuwa juu, peke yake, amekaa kitandani anajipaka mafuta ya nywele, kichwa wazi, leso ameiweka pembeni. Hakuinuka wala hakujiweka sawa. Nilikuwa mtu wa ndani. Alinikalisha kando yake, akafuta mikono, akazipokea picha kama mtu anayepokea mtoto.

Alizitazama moja moja. Alipofika kwenye ile nzuri kuliko zote, ya kucheza kwake, aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hini ni mimi?" akasema. "Ruba, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Hata babako hakunipiga hivi." Akanishika mkono akaubusu, mwalimu wangu, na mimi nikamwachia aubusu.

Halafu akaziweka magotini na uso ukabadilika.

"Wengine wametuaibisha siku ile," akasema. "Umesikia ya mume wangu."

"Watu husema mengi, Bi Zakiya."

"Nimemuuliza mwenyewe. Usama, ulisimama duka la Ruba wakati wa swala? Akasema, nilisimama. Ulikuwa ukitazama nini? Hanijibu. Siku kumi hanijibu. Mtu asiye na kosa si atasema? Nimemhamishia tandiko lake tini. Miaka thelathini na moya, Ruba, sikupata kumfungia mume wangu mlango." Machozi yalimjaa, akayazuia. "Wanafunzi wangu wanong'ona, wateka nikigeuza mgongo. Nasomesha watoto haya, na haya haimo nyumbani kwangu."

Nilitazama sakafu. Chini yetu, kwenye tandiko la kuhamishwa, alikuwa amelala mtu aliyeyachukua yote hayo na kunyamaza kwa ajili ya mkewe, na kidogo, bila kupenda, kwa ajili yangu.

"Wewe ni mwenye duka," Bi Zakiya akasema. "Sikuulizi ya watu. Nambia kweli, alikuwa akitazama nini?"

Nilijua nikifungua mdomo yatakayotoka hayatarudi. Jina la baba, arusi zote zilizokwisha na zijazo, nyuso zilizo wazi. Nilijua pia jibu jingine lililokuwa tayari, jepesi, la kusema kwamba sikuwepo, sijui. Nalo lingekuwa kweli, kweli ya aina yangu, kama ile ya kusema kamera ni kama ya baba. Lilinifika mpaka kwenye ulimi, na ladha yake ikanichefua.

"Hakuwa akitazama," nikasema. "Alikuwa ameipa runinga mgongo."

"Runinga ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa na wewe, Bi Zakiya."

Hakuelewa. Alinitazama kama vile nilivyokuwa nikitazamwa zamani nikikosea aya.

"Wewe, ukicheza. Na Raiyan. Na wanawake wote. Picha zilikwenda zenyewe kwenye simu yangu iliyokuwa kapuni, zikatoka dirishani kwetu. Sikukusudia, wallahi sikukusudia. Lango lilikuwa limefungwa, hakuweza kuizima, kwa hiyo akaiziba kwa mwili wake."

"Zilikwendaje? Hini si ya mkanda?"

"Haina mkanda. Haijapata kuwa nao. Ina sura tu."

"Na ule uliouchoma?"

"Sijapata kuchoma kitu."

Aliinamisha kichwa. Nilisikia mtaani punda anapita na mwenyewe akimkaripia. Bi Zakiya alizikusanya picha, akazigeuza kifudifudi juu ya kitanda, moja baada ya nyingine, hata zile za Raiyan peke yake.

"Alisimama muda gani?" akauliza.

"Tangu watu kuingia msikitini mpaka walipotoka."

"Na watu walimpita."

"Walimpita. Alinikataza nisikwambie. Alitaka ubaki na furaha yako."

Nilingoja anifukuze. Ningeshukuru kufukuzwa, fimbo yake ya chuoni ningeipokea kwa mikono miwili. Hakunikemea wala hakunitazama. Alinyoosha mkono pembeni, akaichukua leso, akaikung'uta, akajifunika. Alianza na nywele, akazungusha shingoni, akachomeka ncha vizuri sikioni, taratibu, hakuacha unywele mmoja, kama mwanamke anavyojifunika asikiapo mwanamume anapiga hodi. Katika maisha yangu yote nimeingia vyumba vya wanawake wa mji huu na hakuna hata mmoja aliyejifunika kwa ajili yangu mimi, bila kamera.

Kisha akainuka, akaenda kwenye ngazi, akamwita mumewe kwa jina. Nilimsikia Bwana Usama akiitika kutoka chini na kuanza kupanda. Nikateremka nikapishana naye katikati ya ngazi, nimejibana ukutani, na sikuweza kumtolea salamu.